Afande Akiuliza Hali

Mwenzangu, mume wangu, Baba Pacha, katuangusha leo, na simlaumu. Ndiyo maana nashindwa hata kulia.

Wakili kamfundisha wiki nzima. Ukiulizwa hali, usione haya, sema hata soksi anakuvalisha mkeo. Akaitikia, "Nimeelewa, wakili."

Tukaingia mbele ya baraza la fidia ya ulemavu. Kumbe mwenyekiti ni afande mstaafu, na beji ya jeshi kifuani. Baba Pacha kumwona tu, fimbo chini, kasimama kama mlingoti.

Kasimama, mwenzangu. Mtu ninayemshika mkono kwenda chooni.

"Hali yako, koplo?"

"Mzima, afande. Tayari kwa kazi."

Tayari kwa kazi. Wakili kafumba macho. Nikasema mguu ule haukunjiki tangu vitani. Afande akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, mwenyewe ameshasema."

Wakili anataja rufaa, lakini haniangalii usoni.

Sasa tuko kwenye korido. Kakaa sakafuni, mguu unatetemeka, kuinuka hawezi. Ananiuliza, "Mama Pacha, nilisimama vizuri?"

Nimemwambia alisimama vizuri.