Mahali Hofu ya Emna Inapoanzia

Sfax,
14 Novemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Sondes,

Assalamu alaikum. Hujambo huko kwenye baridi yenu ya Kanada? Mgongo wa mumeo Hédi umepata nafuu? Na wewe, unakula, au bado unaishi kwa kahawa? Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi wake mzima kabisa. Jana kamfukuza muuza samaki mlangoni kwa kumletea pweza aliyelala.

Mizeituni imezaa vizuri. Mume wangu Lotfi yuko shambani na kaka zake, nyumba kimya, ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Kwenye simu mimi nalia, wewe unalia, na habari inabaki nusu.

Habari yenyewe ni ya mwanangu Emna. Unajua alipasuliwa kichwa kwa ajili ya kifafa chake, lakini hujui ilivyokuwa, na wewe umo ndani yake.

Dawa zilikuwa zimeshindwa. Alikuwa akianguka karibu kila wiki, mpaka shule akaacha. Tukampeleka Tunis kwa Daktari Kammoun, mwanamke mfupi anayesema harakaharaka. Wakamvisha kofia yenye vinasa vya umeme wa ubongo, wakangoja aanguke. Sondes, umewahi kukaa ukiomba mwanao aanguke?

Akaanguka. Daktari akapata mistari yake, lakini hakufurahi.

"Vinasa viko nje ya fuvu, mama," akaniambia. "Ishara hizi zinaweza kuwa zimetoka huku mbele, au chini kabisa, usawa wa sikio. Hesabu zinakubali kote kuwili. Picha za ubongo zinaonyesha kovu kule chini, ila ni hafifu mno. Siwezi kukata kwa kubahatisha. Niambieni, kabla hajaanguka, anaanzaje?"

"Anaanguka tu," nikasema.

"Ghafla, daktari," Lotfi naye akadakia. "Kama mtu aliyesukumwa."

Emna akainuka kitandani. "Si ghafla, baba. Naogopa kwanza."

"Unaogopa nini?" daktari akamuuliza.

"Hakuna kitu. Hofu inapanda tu kutoka tumboni. Zamani nilikuwa namkimbilia mama mdogo Sondes, namng'ang'ania miguu. Siku hizi nakimbilia chumba alichokuwa analala. Halafu sijui tena."

Nikamtazama Lotfi. Mara nyingi tulikuwa tukimwokota palepale, mbele ya mlango wako. Tulidhani ni vigae vinavyoteleza, hata Lotfi akatandika zulia! Na ulipokuwa bado hapa, si tulikuwa tukikutania kwamba mtoto huyu kakupenda wewe kuliko mama yake, anakurukia bila sababu? Kumbe ile mikono miguuni mwako ilikuwa ugonjwa unaanza, na wewe ulikuwa ukimbeba, ukimwimbia, bila kujua.

Daktari akaeleza kwamba hofu ya namna hiyo kwa kawaida huanzia chini kule, si mbele. Akaunganisha maneno ya Emna, picha, na yale ya vinasa. Hesabu ikaegemea upande mmoja. Hata hivyo hakukimbilia kisu. Kwanza alipitisha nyaya nyembamba ndani ya kichwa kuhakikisha, na kweli ikawa ni kule chini.

Siku moja kabla ya upasuaji Emna akamuuliza, "Mkikitoa hicho kipande, nitamsahau mama mdogo?"

"Ninachofuata ni hiyo hofu," akajibu daktari. "Lakini sitakudanganya, binti. Kumbukumbu zinakaa jirani hapo."

Alipozinduka nikamwonyesha picha kwenye simu yangu. Akamtaja bibi yake, akamtaja baba yake. Kufika kwako, jina halikuja. Midomo ikawa inatafuta. "Namjua," akasema, "huyu namjua sana," akaanza kulia. Wiki ile uliponipigia sikupokea, ukanitumia maneno makali. Sasa unajua kwa nini.

Uvimbe ulipopungua, Lotfi akamletea brik ya mtaani, ile sambusa yetu ya yai. Emna akaiuma, akakunja uso. "Imeungua kama za Sondes." Lotfi alicheka mpaka muuguzi akaja kumnyamazisha. "Mwandikie mpishi wako wa Kanada," akaniambia, "sifa zake zimefika hospitalini!" Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nimemshika mtoto mkono, naubusu.

Tangu hapo hajaanguka tena. Daktari anasema tusijigambe mapema, na dawa zinaendelea. Maneno mengine bado yanampotea. Lakini anapita mbele ya chumba chako kama anavyopita kwingine. Mimi ndiye ninayeingia humo sasa, nakaa kitandani kwako bila kazi yoyote.

Niliacha kalamu kidogo. Emna ameingia kuoga, na amefunga mlango kwa ndani. Miaka yote hii tulimkataza, mmoja wetu akisimama nje na kumwita asije akaangukia majini. Miguu imenipeleka hapo kwa mazoea.

"Emna?"

"Mama, niache nioge!"

Kwa hiyo nimerudi mezani. Nasikia maji, nasikia anaimba vibaya kama wewe, na sina wa kutazamana naye tukacheka. Njoo, mdogo wangu. Hata kwa wiki mbili tu.

Msalimie Hédi, uwabusu mapacha wenu. Lotfi anakusalimu, Mama anakubusu macho yote mawili. Mungu akulinde ugenini na akufungulie njia ya kurudi kwetu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na mwenye hamu nawe kila siku,

Naziha