Picha ya Mama

Jumatatu, 7 Februari 2011

Papa ametoka alfajiri. Gari la wenzake wa kiwandani Brampton halimsubiri mtu. Chai nimekunywa peke yangu. Basi la barabara ya Finch limejaa, nimesimama mpaka shuleni.

Somo la sanaa bado tuko kwa yule bibi wa Florence. Jina lake sitaliandika, kulitamka mbele ya darasa kutanitosha. Mke wa mtu mkubwa, zamani sana. Mji mzima ulimwita mrembo. Akafa kijana, kifua kikuu wanasema. Jeneza likapitishwa wazi mitaani ili watu wamwone mara ya mwisho. Halafu wachoraji wakaendelea kumchora. Ndivyo inavyosemwa. Shingo ndefu, nywele za dhahabu, macho yanaangalia pembeni.

Kazi tuliyopewa: kila mtu achore mtu asiyeweza kuja kukaa mbele yake, kisha asimame aeleze, na aseme na habari za yule bibi. Ijumaa ya tarehe ishirini na tano. Wazazi wanakaribishwa.

Nitamchora mama. Kuchora si shida. Kusimama mbele ya watu ndiyo shida.

Alhamisi, 10 Februari

Nimeshusha picha ya mama ukutani. Papa aliikuza kwenye duka la dawa tulipofika Kanada, huku maduka ya dawa yanachapa na picha, ile ya asili ni ndogo kama kiganja. Studio ya Uvira, kwetu Kongo. Pazia la bluu nyuma, kitenge, shingo imegeuzwa kidogo. Hanitazami. Hajawahi kunitazama.

Ni hii moja tu. Alikufa kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, mimi sijaanza kutembea. Sauti yake siijui. Uso huu ndio wote nilio nao. Nikiwa na jambo namwambia kimoyomoyo, kwa Kiswahili, maana Kiingereza hakukijua.

Pua imenishinda. Nimefuta mpaka karatasi imeota manyoya.

Jumatano, 16 Februari

Leo mwalimu ametuambia kitu. Hakuna picha hata moja inayojulikana kwa hakika kuwa ni ya yule bibi. Hata moja. Watu walikuja baadaye, wakaona mwanamke mzuri amechorwa, wakasema ni yeye. Walitaka awe yeye. Kuna moja ina jina lake chini, na hiyo nayo wengine wanasema jina liliongezwa.

Kijana mmoja wa nyuma akauliza, sasa si tumedanganywa? Darasa likacheka. Mwalimu akasema hakuna aliyedanganya, watu walipenda tu.

Nilimwonea huruma bibi wa watu. Kusifiwa kwa uso ambao huenda si wako. Nikashukuru, mimi wangu namjua.

Jumapili, 20 Februari

Baada ya ibada Mama Ester alikuja kula kwetu. Ni mama wa kanisani, yeye na Papa wametoka mtaa mmoja kule Uvira. Amefika Toronto majuzi tu, koti lake bado lina karatasi ya bei. Hajawahi kuingia kwetu. Papa alikuwa jikoni anasonga ugali. Mchoro wangu ulikuwa mezani, picha nilikuwa nimeirudisha ukutani.

Mama Ester akauona, akapiga makofi.

"Eeh! Faida huyu! Na ile shingo yake ya maringo! Nani amemchora?"

Nikasema ni mimi. Nikasema ni mama, anaitwa Mapendo.

"Mapendo ni mama aliyekuzaa, binti yangu. Huyu ni mama yako mkubwa, Faida, dada yake. Weye hukujua? Yuko Kigoma, alifika ninyi mmekwisha kuondoka, anauza dagaa. Amenenepa sasa, hiyo shingo utaitafuta!"

Akacheka mpaka akashika meza. Alisema kama mtu anayekuambia basi limehamisha kituo.

Mwiko ukanyamaza jikoni.

Tukala. Sombe, yale majani ya mihogo, ilikuwa na chumvi nyingi, nikala yote. Nilingoja nisikie kitu ndani yangu. Sikusikia.

Jumatatu, 21 Februari

Siku ya Familia. Shule imefungwa, kiwanda kimefungwa. Theluji tangu asubuhi. Tumekaa sebuleni, mimi, Papa, na Faida ukutani.

Papa hakuomba radhi. Akasema, "Sifa mwanangu, mimi nilikuambia hii ni picha ya mama yako. Ilikuwa yake. Faida alimpa siku tulipoachana njiani tukikimbia, naye akaishika mpaka Kigoma. Yeye mwenyewe hakuwahi kupigwa picha." Halafu akasema, "Na Faida naye ni mama yako. Nilidhani unajua."

Picha ya mama. Hiyo "ya" haisemi kama mama ndiye aliyemo au ndiye mwenye picha. Na kwetu dada wa mama ni mama. Ningekulia kule ningeuliza, mama yupi? Nilikuja huku na miaka tisa, nikaanza kuhesabu mama kama wanavyohesabu hapa. Mmoja.

Kwa hiyo hakuna aliyenidanganya. Hata wa kumkasirikia sina.

Mambo yote niliyomwambia miaka hii nilimwambia mama muuza dagaa. Yuko hai na hana habari.

Mama yangu hana uso. Nimeandika sentensi hiyo nione kama itauma. Haiumi.

Jumatano, 23 Februari

Nilitaka kumwambia mwalimu nabadilisha. Nilifika mlangoni kwake, nikarudi, nikaenda tena. Akaniuliza nataka nini. Nikasema penseli. Akanipa penseli.

Nyumbani nikajaribu kumchora Mapendo. Nikachora duara, nikakaa. Nikitia mdomo, wa Faida. Nikitia jicho, la Faida. Nikafikiri nijichore mimi halafu niongeze miaka. Huko nako ni kubuni. Nimechana.

Keshokutwa nitasimama na nini?

Ijumaa, 25 Februari

Imekwisha.

Papa aliomba ruhusa kazini. Alisimama nyuma na viatu vyake vya kazi, vile vyenye chuma mbele. Nikasoma habari za bibi wa Florence bila kuinua macho. Jina lake nikalikosea, wakacheka kidogo, si sana.

Kisha mchoro. Ule ule wa Faida, sikuwa na mwingine. Nikasema kwa Kiswahili, hii ni picha ya mama yangu. Kwa Kiswahili haikuwa uongo, na Papa kule nyuma alijua. Mwalimu akaniomba niseme kwa Kiingereza ili wote waelewe. Kiingereza kilinitaka nichague. Nikachagua uongo.

Wakapiga makofi. Msichana mmoja ambaye hajanisemesha tangu Septemba akasema mama yangu ni mrembo na nimefanana naye. Nikasema asante. Mwalimu akatabasamu, akauliza, kwa utani tu kwa sababu ya somo letu, nami ninajuaje kuwa ni yeye?

Nikasema baba aliniambia.

Papa akatazama viatu vyake. Tukarudi kwa basi. Mchoro aliubeba yeye, ameuelekeza kwake, watu wasiuone.

Jumapili, 27 Februari

Hatukwenda ibada. Hakuna aliyesema hatuendi, tulikaa tu.

Nilikuwa nakunja nguo. Nikamwuliza Papa huku naangalia nguo: Mapendo alikuwaje?

Alifikiri. Mfupi, akasema. Mweusi kuliko wewe. Anatembea haraka, hata na mimba. Akila anaanza na mboga, ugali baadaye, mama yake alikuwa anamgombeza.

Nikauliza uso.

Akafumba macho. Mikono yangu ikasimama kwenye shati. Alikaa hivyo, nikaona mboni zinatembea chini ya ngozi, anatafuta. Kisha akafumbua.

"Nikimtafuta, Faida ndiye anakuja," akasema. "Miaka mingi sasa. Ile picha imemkalia juu."

Hakulia. Na mimi sikulia. Akauliza kama tuishushe. Nikasema bado.

Nikamaliza mashati, nikaanza soksi. Zake zote zimetoboka kisigino. Akachukua moja, akaingiza kidole kwenye tundu, akakitazama. Kisha akasema, kama mtu aliyekumbuka mlango hakuufunga:

"Aliogopa bata."

"Bata?"

"Bata. Akimwona anapanda kiti. Mtu mzima."

Nimeandika hapa. Aliogopa bata.