Nanjala Aliposema Ukweli wa Masomo Yake

Kabiria,
Nairobi.
26 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Jacklyne,

Pokea salamu zetu nyingi kutoka nyumbani. Joto la Doha linakutendaje, na ule mgongo uliokuwa ukikuuma umepoa? Sisi tunaendelea kwa neema ya Mungu. Baridi ya Julai imetubana, na mume wangu Bramwel bado anakohoa, lakini kila asubuhi anakwenda kwenye kazi ya mjengo kule Kilimani.

Nimempa Obuya, anayesafiri kuja huko, barua hii akuletee kwa sababu kwa simu nisingeweza. Tukiongea nawe, binti yako Nanjala huwa kando yangu, na jambo lenyewe linamhusu.

Shuleni wamebadilisha mkutano wa wazazi. Zamani mwalimu alisema, sisi tukasikiliza. Siku hizi mtoto ndiye anayeongoza. Anafungua faili la kazi zake, anaeleza anachokijua, kilichomshinda na atakavyokishughulikia. Jana nilikwenda kwa niaba yako.

Unajua alama zake zilivyoshuka mwaka huu. Mimi nilidhani hesabu za Gredi ya Sita zimekuwa ngumu. Bramwel akadhani ni televisheni ya jirani. Tulimgombeza, nawe ukamgombeza kwa simu.

Basi Nanjala alitukaribisha kama wageni, mimi na Mwalimu Nyakio, akafungua faili. Kazi za Januari zilikuwa safi. Mbele kidogo kurasa zikawa tupu, jina lake tu juu. Nikamwambia atuonyeshe hesabu zilimshindia wapi.

"Hazikunishinda, mama mkubwa," akasema. "Niliacha."

Mwalimu akamuuliza kwa upole ni kwa nini.

"Mama alisema nikifanya vizuri anapata nguvu ya kukaa huko. Nikaona heri akose nguvu."

Jacklyne, sikujua niangalie wapi. Najua uliyasema maneno hayo kwa upendo. Hata mimi nimeyarudia kwake mara nyingi mezani, nikidhani namtia moyo. Kumbe mtoto alikuwa akiyapima kivyake, peke yake.

Mwalimu hakumkemea. Alimwachia muda alie, kisha akamuuliza angependa kufanya nini sasa, kwa kuwa kikao ni chake. Nanjala akachukua kalamu, akafanya hesabu ya sehemu mbele yetu, na ikatoka sawa. Akasema ataanza tena, maana amechoka kujifanya hajui.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani aliniuliza kama sasa basi utakaa huko zaidi. Nilimshika mkono tu.

Sikuandikii uache kazi, ndugu yangu. Mzigo unaoubeba unaujua wewe. Lakini ukipiga Jumapili, tafadhali usianze na alama. Muulize amekula nini, amecheza na nani, nani amemsuka. Ayasikie hayo kwanza kutoka kwako.

Mama kule Kimilili anakusalimu, na Bramwel, na mwanetu mdogo Sifuna ambaye sasa anajua kutamka jina lako. Mungu akulinde uingiapo na utokapo katika nyumba za watu, na akufikishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Peres