Sikio la Mama Musyoka

Dada Wanja,

Huku Matiliku jua linachoma, lakini mapapai ni asali tupu. Niko kwa Mama Musyoka, mama wa yule rafiki ninayeandika naye programu ya video, ile ya kugawa bure. Jana tulimwonyesha kwaya yake ikicheza kwenye kompyuta. Akakunja uso: "Mbona ngoma inachelewa? Miguu imeshakanyaga!"

Wenzetu wa ng'ambo tunaoandika nao programu hiyo walikuwa wamekataa katakata kwamba kosa hilo la sauti kubaki nyuma ya picha lipo! Tumelirekebisha leo, liko kwenye disketi, na jina la mama litaingia kwenye orodha ya waliochangia programu pamoja na yao.

"Hao wote wanafanya bure?" akauliza. "Sasa nani anawapikia?"

Nikifika Nairobi nitawatumia rekebisho na ujumbe wake: waje wale mahindi yake ya kukoboa na maharagwe, muthokoi iko. Wewe pia amekualika, dada. Nimekukumbuka sana.

Ndugu yako,
Njoroge