Flashi Kubwa na Salamu Tupu

Kampala, Jumapili

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Nimeamua kukuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako ukiipokea nyumba nzima husikiliza. Barua anakuletea yule mama muuza vitenge wa kwetu Ujiji, mpe chai. Wewe hujambo? Shemeji na kifua chake? Na magoti ya Mama? Kila mara unaniambia "Mama anakusalimu," nami naitikia, ila sijui kama salamu hizo ni zake au umemsemea. Nitalirudia hilo.

Mimi nimechoka, dada. Siumwi, nimechoka tu. Hajati, mwenye duka hapa Nakivubo, aliniahidi likizo ya mwezi mzima nikimaliza kudarizi nembo za masweta ya shule moja. Miaka miwili sijafika nyumbani, kwa hiyo kazi ile niliifanya mbio mbio. Zilipobaki chache, mashine ikagoma. Mchoro nautengeneza kwenye kompyuta, nautia kwenye flashi, naichomeka kwenye mashine, nayo inashona yenyewe. Siku hiyo nimechomeka, mashine inaandika kwamba haioni kitu.

Hajati babu zake walitoka pwani, lakini yeye Kiswahili chake kimeshakuwa cha huku huku. Akasimama mlangoni, akaniita "nyabo", ndiyo "bibie" ya Kiganda: "Nyabo Tatu, mashine inalala mpaka lini? Shule inataka sweta zake Ijumaa. Na hiyo likizo yako, nayo ingoje."

Nikaingia mtandaoni, nikauliza kwa nini programu ya kudarizi haitoi mchoro. Majibu yalikuja mpaka macho yakauma. Mmoja anasema futa programu uiweke upya. Nikafuta, nikaweka, mara tatu, na rangi zote za nyuzi nilizozipanga zikapotea. Mwingine tatizo lake lilikuwa kama langu kabisa. Nikafurahi, nikashuka hadi chini nione alivyolitatua, kumbe kaandika tu: "Imekubali, asanteni." Imekubali vipi? Ningemjua ningemfuata hadi kwao.

Ndipo nikakumbuka kundi la mafundi darizi kwenye simu. Humo mna Waganda, Wakenya na Wakongo, Kiswahili kila mtu na chake. Nikaandika kama tulivyolelewa: "Assalaam aleikum mafundi, habari za kazi? Za nyumbani?" Nikangoja waitikie vizuri ndipo niseme shida. Siku nzima wakaitikia wawili, "salama," basi. Kesho yake nikasalimia upya. Nikakasirika, nikasema watu hawa hawana adabu. Mwishowe mama mmoja Mkongo, anayeshona Bugolobi, akaandika: "Dada, salamu tulishaona. Shida yako ni gani? Sema yote, sema na ile ulishajaribu. Sisi hatuko waganga."

Niliona haya, kisha nikacheka peke yangu. Nikaeleza yote. Akaniuliza kitu ambacho mtandao haukuniuliza: "Hizi siku ulibadilisha nini?" Nikajibu hakuna. Halafu nikakumbuka: flashi ya zamani ilipotea, nikanunua mpya, kubwa, ya kubeba michoro maelfu, tena nikajisifia. Akaandika, "Ile mashine ya zamani haiwezi soma flashi kubwa. Tafuta ndogo." Kumbe siku zote hizo nauliza habari za programu, na programu haina kosa!

Nikaazima ndogo duka la jirani, mashine ikaanza kushona. Nilikaa chini nikalia, dada, kwa uchovu. Ijumaa masweta yakaenda, na Hajati akasema, "Haya, enda uone mama yako."

Kwa hiyo likizo ninayo, ila tiketi sijakata. Maneno ya yule Mkongo hayanitoki. Wewe nawe nimekutumia salamu tupu kwa miaka miwili, nikingoja uniulize. Basi naeleza.

Shida ni kwamba Mama hajasema nami tangu nilipoondoka bila radhi yake. Nilichojaribu ni hiki: nimetuma vitenge, hukuniambia kama alivivaa. Nimepiga simu, akisikia ni mimi anampa mtoto simu. Magoti yake nakuuliza kila mara kwa sababu naogopa kuuliza moyo wake. Ninachotaka kujua: nikibisha hodi, ataniambia karibu? Siwezi kusafiri siku mbili kuja kusimama mlangoni, dada. Nguvu hizo sina tena.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na shangazi yetu aliyenifundisha sindano, mwambie mashine haijanisahaulisha kushona kwa mkono.

Mama usimpe salamu zangu. Msomee barua hii yote, kisha uniandikie alichosema, hata kama ni kibaya. Hata kama amenyamaza, niandikie kwamba amenyamaza.

Mdogo wako,
Tatu