Kicheko cha Kibogoyo

9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Naomba unisaidie maana nimechoka kuzungushwa. Mwanangu alipokuwa na miezi saba watafiti wa afya walikuja mtaani wakaomba kufuatilia jinsi watoto wanavyokua, nikakubali, wakatuweka kwenye chumba chenye mkeka wa plastiki wakaturekodi video nikicheza naye, namfunika uso kwa taulo namfunua, naye akacheka mpaka akashikwa na kwikwi, hana hata jino, ndiyo maana tulimwita Kibogoyo.

Mwezi uliofuata homa ya mapafu ilimchukua. Sina kicheko chake popote, simu yangu ni ya vitufe. Nikaenda ofisini kwao kuiomba ile video, dada wa mapokezi akasema, "Pole mama, lakini hizo ni siri za mtoto, hazitolewi." Nikamuuliza, "Siri hiyo anafichwa nani, mimi niliyemzaa?" Akasema kwenye kompyuta mtoto hana jina, ana namba tu. Halafu wiki jana wakanipigia: "Mama, zamu ya kumpima mtoto urefu imefika." Nikawaambia kwa upole kwamba hakui tena.

Mume wangu anasema, "Achana nao, maji yakimwagika hayazoleki." Mama mkwe anasema nilimpeleka mjukuu wake kwenye majaribio. Mimi nataka kumsikia tu. Nidai, au nijitoe kwenye utafiti wao yaishe?

Mama Kibogoyo

*

Pole, mwanangu. Sasa futa machozi unisikilize.

Umekubalije jibu la mlangoni? Siri iliwekwa kumkinga mtoto na macho ya wageni, si kumficha mamaye. Na kumwita kwenye kipimo mtoto aliyezikwa ni aibu, waambiwe usoni.

Lakini usithubutu kusema "najitoa" kabla hujapata nakala. Ukijitoa wanaweza kuifuta video, na watakuwa wamefuata kanuni! Muone mkuu wa utafiti mwenyewe. Akikuzungusha, nenda kwenye kamati ya maadili inayowasimamia. Namba yake ya simu imo kwenye karatasi waliyokuachia siku ulipokubali. Mumeo avae viatu mwende pamoja, methali aziache nyumbani. Mama mkwe mwambie mjukuu wake alipimwa na kurekodiwa tu, basi. Naye aje amsikie.

Wakikataa kabisa kutoa nakala, omba mkae kwenye chumba kile kile muitazame.

Na akianza kucheka, nikumbuke na mimi. Wa kwangu hakurekodiwa na yeyote.

Shangazi