Siku Niliyomuaga Mkwe kwa Kinyasa

Mjukuu wangu Tumaini, marahaba. Sisi hapa Liuli wazima, bibi yako anakusalimu. Unauliza kama huko ugenini ubaki na Kiingereza unachofundisha, maana ukijaribu lugha yao wanakucheka.

Mimi nilishuka kutoka Mbinga nikamwoa bibi yako, na kwa jembe hakuna aliyeniweza. Lakini mama yake aliniita Mmatengo tu, mtu wa kuja kutoka milimani. Baba mkwe alipofariki, wazee wakaniambia nimuage kwa Kiswahili, nisijiaibishe. Nikakataa, unanijua. Nikasema Kinyasa, lugha yao ya hapa ziwani, kimepinda chote, vijana wakacheka pale kaburini. Mama mkwe akawakemea: "Nyamazeni! Mwanangu anamlilia baba yake."

Wewe sema tu, wacheke. Yule mama hakuniita Mmatengo tena mpaka tulipomzika naye.

Babu yako, bado nalima.